Kamera Isiyoruhusiwa Kulowa

Shirika la maji la mji ule halikupungukiwa na watu wa kufikiri. Walikuwa tele, ghorofa ya pili nzima, wanafikiri tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kilichowatoa jasho zaidi kukifikiria ni kile ambacho mtu mwingine alikuwa ameshakiona kwa macho. Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja, mkaguzi wa matangi, ambaye hakuwa na nafasi ghorofa ya pili wala ya kwanza. Chumba chake kilikuwa kando ya geti: meza moja, misumari miwili ya kutundikia ovaroli, jozi ya gamboti nyeupe, na dirisha lililogoma kufungika. Wenzake walimwita Bi Ufa, na usidhani lilikuwa jina la mahaba.

Jina lilitoka kwenye Tangi Namba Tatu. Lilikuwa tangi la zege, limekaa kilimani, upande mmoja umefunikwa na udongo mpaka karibu na mfuniko. Kila baada ya miezi mitatu Bi Ufa aliteremka ndani kwa ngazi ya chuma, kamba kiunoni, tochi kwenye kofia, kukagua kuta. Miaka miwili nyuma, siku moja maji yalipopungua, aliona nyuma ya ngazi mstari mweusi unashuka ukutani na kuzama majini. Akaupapasa chini ya maji. Ukucha ukaingia. Miezi mitatu baadaye ikaingia sarafu. Sasa kilikuwa kinaingia kidole chake cha mwisho, chote, na akikiacha humo alisikia maji yanavyokivuta kwenda upande wa pili.

Upande wa pili, chini ya kilima, palikuwa na safu ya nyumba kumi. Nyumba ya kwanza kabisa, ile iliyokaribia udongo wa tangi, ilikuwa ya mama mkwe wake.

Basi akaandika ripoti. Meneja akaisoma, akaisifu kwa mwandiko, akamwita juu. Ofisini kwa Meneja, ukutani, kwa herufi za buluu kubwa kama mabakuli, paliandikwa: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Meneja aliyapenda sana maneno hayo. Rangi yake ikibanduka hata kidogo, fundi aliitwa siku hiyohiyo.

"Nimeisoma," Meneja akasema. "Picha iko wapi?"

"Ufa uko chini ya maji, mkuu. Sina kamera ya kuingia majini."

"Sasa mimi nitakausha tangi, mji mzima ukose maji siku tatu, kwa sababu ya kidole chako?"

"Njoo tuteremke pamoja, ukatie chako."

Meneja akacheka, akatazama viatu vyake, akaacha kucheka. "Lete picha," akasema. "Siku ukileta picha, natia sahihi hapohapo. Vinginevyo tutasema unatia chumvi."

Picha! Bi Ufa hakuwa mvivu. Aliifunga simu yake kwenye nailoni mara tatu, akaiteremsha majini, akapata picha kumi na moja: tano za ukungu, nne za nailoni, mbili za kidole gumba. Ya kumi na mbili simu haikuipiga, ilikuwa imeshakata roho. Akaazima ya mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole asiyejua kukataa. Hiyo ilimponyoka ngazini na kwenda zake mpaka chini.

"Simu yangu iko kwenye maji ya kunywa ya mji," mumewe akasema jioni ile, taratibu, kama mtu anayehesabu. "Kwa hiyo leo hii kila mtu anakunywa namba za marafiki zangu."

"Nisamehe, mume wangu."

"Nimekusamehe. Lakini mama usimwambie."

Mama aliambiwa na wengine. Mama mkwe alikuwa na miaka sabini na ushei, masikio ya kusikia kinachosemwa nyumba ya kumi, na mdomo wa kukirudisha kikiwa kimeongezeka. Ukuta wa jiko lake ulikuwa unalowa tangu mwaka jana, chokaa inamomonyoka, na kila Bi Ufa alipomwomba ahamie kwao mama alimkata jicho.

"Nihame ili nani aingie?"

"Haingii mtu, mama. Tangi lina ufa. Mvua kubwa zikija wanalijaza mpaka juu. Likipasuka, nyumba hii ndiyo ya kwanza."

"Nyumba hii aliijenga marehemu, tofali kwa tofali, wewe ukiwa bado unatambaa kwenu. Tangu uolewe umeitolea macho. Eti ufa! Huo ufa nionyeshe. Nikiuona kwa macho yangu nitahama."

"Mama, nimeuona mimi."

"Ndiyo maana nataka kuuona mimi."

Mumewe, kila mazungumzo hayo yalipoanza, alikumbuka baiskeli ya mtu. Kwa hiyo Bi Ufa alikuwa na wakubwa wawili, mmoja ghorofani na mmoja jikoni, na wote wawili walitaka kitu kimoja. Mvua kubwa zilikuwa miezi minane mbele. Akapiga moyo konde, akaenda kuulizia kamera.

Mjini kulikuwa na fundi wa kamera, mzee mwenye duka jembamba lililojaa mikanda na lenzi zilizokufa. Bi Ufa akamweleza kila kitu: giza, maji ya kifuani, glavu, ngazi yenye utelezi, mkono mmoja tu ulio huru. Mzee hakumwuliza picha ya nini. Alimwambia achukue ile ndogo ngumu, ya kuingia mfukoni, ambayo lenzi yake haitokezi nje, maana pale inapotokeza ndipo maji yanapopita. Iwe na taa ndogo pembeni ya lenzi kabisa, si juu, la sivyo atapiga picha ya mwanga wake mwenyewe. Vitufe viwe vikubwa, vya kubonyezeka kwa glavu. Rangi iwe ya kupiga kelele, ya machungwa au ya manjano, na ifungwe kamba ya kuelea, ili ikimponyoka aione. Mita kumi za kina zinamtosha na chenji inabaki.

"Na kubwa kuliko yote," mzee akasema, akafungua mlango mdogo wa betri ubavuni mwa kamera moja, "ni huu mpira hapa. Mwembamba kama uzi. Ukifunga mlango, sikia mlio mara mbili. Ukisikia mmoja, umeua kamera. Unywele mmoja ukikaa hapa, umeua kamera. Watu wanadhani ugumu uko kwenye chuma. Uko kwenye kufunga mlango."

Bi Ufa akayaandika yote nusu ukurasa, akampelekea Meneja. Meneja akafurahi mno. Kama kuna kitu alichokipenda kuliko ule msemo wa ukutani, ni kuunda kamati.

Kamati ya Uteuzi wa Kamera ilikuwa na Meneja mwenyewe, Afisa Ununuzi, Msemaji wa Shirika na Mtunza Stoo. Bi Ufa aliruhusiwa kuhudhuria, akae karibu na mlango, ajibu akiulizwa. Hawakumwuliza kitu mpaka kikao cha tatu, na walichomwuliza ni kama angeweza kufungua dirisha.

Afisa Ununuzi alikuwa kijana wa tai, aliyesoma, na asiyewahi kuliona tangi isipokuwa kwenye kalenda ya shirika. "Tangi lina kina gani?" akauliza.

"Mita nne," Bi Ufa akasema.

"Hii anayoitaka ni ya mita kumi. Je, tukipata tangi la mita kumi na moja?"

Hakuna aliyetaka kuingia kwenye historia kama mtu aliyezuia tangi la mita kumi na moja. Ikakubaliwa mita thelathini. Kisha Msemaji, mama wa miwani mikubwa na sauti tamu, akataka kioo kinachogeuka mbele, mtu ajione anapojipiga. "Wananchi wanapenda kutuona tukiwa kazini," alisema. Aliulizwa ni nani atakayejipiga picha ndani ya tangi lenye giza, akasema hilo ni suala la utekelezaji.

Rangi ilikula vikao viwili. Mtunza Stoo alipinga rangi ya machungwa kwa moyo wake wote. Mali ya ofisi ni nyeusi au kijivu. Ya machungwa itaibwa, na ikiibwa itaonekana imeibwa. Bi Ufa akanyosha mkono, akasema nyeusi ikianguka kwenye tangi lenye giza haitaonekana tena.

"Kwa nini ianguke?" Mtunza Stoo akauliza, ameumia kweli. "Mbona unaanza na mawazo ya kuiangusha?"

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawa chombo chao hakikwenda mrama wala kokote. Kilikaa palepale miezi mitano, kinapewa chai na biskuti. Bi Ufa aliteremka tangini mara mbili katika miezi hiyo. Mara ya pili, kando ya kidole cha mwisho, kilianza kuingia na kile cha pete.

Hatimaye ikaja kamera. Nyeusi, ya mita thelathini, kioo kinageuka. Kamati ikaamua kuijaribu kabla ya kuipokea, wakasema ndiyo uwajibikaji, na ndoo ya lita kumi ikaletwa kwenye chumba cha mikutano, ikawekwa juu ya gazeti ili meza isilowe. Afisa Ununuzi akatia betri, akafunga mlango. Bi Ufa, kule alikokaa karibu na mlango, alisikia mlio mmoja.

"Subiri," akasema, akainuka. "Haijafunga."

"Mkaguzi, utapewa nafasi ya kuchangia," Meneja akasema.

Kamera ikaingia ndooni. Ikatoa mapovu matatu madogo, kioo kikawaka samawati, kikazimika. Wakaitoa, wakaitikisa, ikatema maji. Ilikuwa imehakikishiwa mita thelathini, ikazama sentimita ishirini.

"Mlango haukufungwa," Bi Ufa akasema. "Una mpira, ukifunga unalia mara mbili."

Afisa Ununuzi akamgeukia kwa subira ya mwalimu. "Mama, maelezo yanasema nini? Haiingii maji. Sasa kama haiingii maji, mlango wa kufunga ni wa nini?"

Jamani! Mtu anaweza kujibu nini hapo? Muhtasari wa kikao ukaandikwa kwamba kamera imeshindwa mtihani wa ndoo, na kamati ikaazimia kutafuta ya mita sitini. Usiku Bi Ufa hakulala vizuri, na si kwa sababu ya kamera. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika jioni zile, na yeye peke yake katika mji ule ndiye aliyeyatazama kwa chuki.

Aliyeokoa jahazi, bila kukusudia, alikuwa muuzaji. Alichoka kupigiwa simu, akawaletea aliyokuwa nayo dukani: ndogo, ngumu, ya mita kumi na tano, ya rangi ya machungwa kali, taa pembeni ya lenzi, na kamba ya kuelea. Ile ile ya nusu ukurasa. Kamati ikaipokea kwa shingo upande, ikampigia makofi Afisa Ununuzi, ikaikabidhi stoo. Wiki mbili zilibaki mvua zianze.

Asubuhi yake Bi Ufa alikuwa dirishani kwa Mtunza Stoo kabla hata kufuli halijafunguliwa. Mtunza Stoo hakuwa mtu mbaya. Miaka ishirini na sita hajapoteza hata msumari, na siri yake ilikuwa rahisi: hakumpa mtu msumari.

"Nimekuja kuchukua kamera."

"Ya kufanyia nini?"

"Kupiga picha ndani ya Tangi Namba Tatu."

"Ndani ya tangi kuna nini?"

"Maji."

"Unaona sasa?" Akafungua daftari la kanuni, akaligeuza asome mwenyewe. Kifaa chochote cha umeme kisipelekwe mahali penye maji au unyevu. Kirudishwe kikiwa kikavu kama kilivyotoka.

"Lakini ni kamera ya majini! Imenunuliwa kwa ajili ya maji!"

"Na ndiyo maana ni ya thamani," Mtunza Stoo akasema. "Unaiona pale kabatini? Nimeizungushia taulo. Tangu ifike haijagusa hata tone. Mpaka nastaafu itakuwa hivyohivyo."

Alijaribu tena siku ya pili, akaambiwa alete barua. Akaleta barua, akaambiwa barua imetumia neno "maji". Mvua ya kwanza ikanyesha siku ya nne, manyunyu tu, na kule ghorofa ya pili wakaagiza matangi yote yaanze kujazwa. Bi Ufa akasimama getini akasikiliza pampu zinaunguruma. Siku ya tano akarudi dirishani, akachukua fomu, na palipoandikwa "Sababu" akaandika: Kupiga picha ya Meneja. Kamera ikatoka dakika ile ile, na taulo lake, na Mtunza Stoo akamtakia kazi njema.

Alikwenda moja kwa moja kilimani. Akafuta mpira wa mlango kwa ncha ya kitambaa safi, akafunga, akasikia mlio mara mbili. Akavaa, akajifunga kamba, akamwachia mlinzi wa tangi ncha ya pili, akashuka. Maji yalikuwa yamepanda tayari. Ngazi ya sita yalimfika kifuani, baridi ikambana pumzi. Akazamisha kamera, akaweka kidole chake kando ya ufa kama kipimo, akabonyeza. Akashuka ngazi moja zaidi, maji shingoni, akanyosha mkono mpaka mwisho, akabonyeza tena na tena.

Kisha akaitoa, akatazama kioo. Ilikuwa picha safi ajabu, hata mistari ya kidole ilionekana. Ufa haukuishia pale alipokuwa akipapasa miaka miwili. Chini yake ulikuwa umegawanyika matawi mawili, na tawi moja lilikwenda mpaka sakafuni likipanuka, jeusi, ngumi ingepita. Roho ilimruka. Miaka miwili alidhani anaujua ufa ule, kumbe alikuwa ameshika ncha ya mkia tu. Akaitazama tena na tena pale ngazini mpaka mlinzi akavuta kamba kuuliza kama ni mzima.

Mchana ule ule akaomba kikao, na kwa kuwa habari ilikuwa kamera, kikao kikapatikana, ofisini kwa Meneja. Picha ikatupwa ukutani kwa projekta, kubwa kama mlango, juu kidogo ya maneno yale ya buluu. Bi Ufa akasubiri. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili hakuwa na la kuongeza.

"Lo!" Meneja akasema mwishowe. "Lo, lo, lo. Picha safi."

"Safi sana," Msemaji akasema. "Tazama huo mwanga ulivyotua."

"Nilisema mimi," Afisa Ununuzi akasema, akarekebisha tai. "Mita kumi na tano zinatosha kabisa. Watu walikuwa wanabisha."

"Mpaka mistari ya kidole!" Meneja akasema. "Hii tuitie kwenye fremu, tuiweke mapokezi. Wananchi waone vifaa tulivyonavyo."

Mtunza Stoo peke yake alikuwa amepauka. "Samahani," akasema kwa sauti ndogo. "Ina maana imelowa?"

"Mkuu," Bi Ufa akasema, "na ufa?"

"Ufa gani?" Meneja akauliza, kisha akakumbuka, akapiga paji la uso. "Ndiyo! Ndiyo, unaonekana vizuri. Lakini tufuate utaratibu, mkaguzi. Ajenda ya leo ni kamera. Ufa una ajenda yake, tutauweka kikao kijacho, mwezi ujao."

"Mwezi ujao tangi litakuwa limejaa. Ulisema nikileta picha unatia sahihi."

"Na nitatia! Nimekataa? Andika tu maombi, ambatanisha na picha."

Hakupiga kelele. Alitamani. Alichomoa kamera kutoka kwenye waya wa projekta, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akashuka. Kwenye ngazi Mtunza Stoo alimkimbilia akimwambia ni lazima irudishwe kabla ya saa kumi, ikiwa kavu. Akamjibu kwamba inakaukia mfukoni, na akapita getini.

Mama mkwe alikuwa jikoni, amechutama anapuliza moto, nyuma yake ukuta umelowa mpaka kiunoni. Bi Ufa hakusalimia kwa urefu. Akawasha kioo, akamwekea mbele. Mama akatoa miwani kwenye mkunjo wa nguo, akaivaa, akatazama. Akatazama muda mrefu.

"Hiki kidole ni chako?"

"Changu, mama."

"Na hiki cheusi kinachokwenda chini?"

"Ndio ufa. Huo."

"Nyumba yangu iko upande gani wa hapa?"

Bi Ufa akaelekeza kidole kwenye ukuta wa jiko. Mama akageuka, akautazama ukuta wake. Akanyosha mkono, akaweka kiganja juu ya chokaa iliyolowa, akakiacha hapo kidogo, kisha akakifuta kwenye nguo. Mama akaepua chungu. Akamwaga maji motoni. Akaingia ndani, akatoka na mkeka, godoro limekunjwa, na bulangeti.

"Nikusaidie mama, twende nyumbani. Chumba cha watoto nimeshakisafisha."

"Nyumbani kwako kuna nafasi ya watu thelathini na nne?"

"Thelathini na nne?"

"Nyumba kumi, mkwe wangu. Au ulidhani maji yatanichukua mimi tu kwa kuwa ndiye mwenye mdomo?" Na hapohapo akaanza kugonga milango.

Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa shirika la maji walipofika ghorofa ya pili hawakupata pa kukanyaga. Korido ilikuwa mikeka mitupu. Mtoto mchanga alikuwa anabadilishwa nepi juu ya meza ya Afisa Ununuzi. Chumba cha mikutano kilikuwa na masufuria, na ndoo ile ya mtihani ilikuwa imeshapata kazi ya kufulia. Ofisini kwa Meneja, chini ya maneno ya buluu, godoro lilikuwa limetandikwa vizuri na mama mkwe amekaa juu yake, kamera ya machungwa mapajani.

"Mama," Meneja akasema, macho yamemtoka pima, "hapa ni ofisi."

"Naona. Pakavu."

"Mama yangu, haya mambo yana utaratibu. Ajenda ya ufa ni mwezi ujao."

"Hatuna haraka, baba. Tutaisubiri hapahapa. Sisi tumekuja na chumvi yetu."

"Lakini nikikausha tangi mji utakosa maji siku tatu! Watu watakunywa nini?"

"Wape picha," mama akasema, akamnyoshea kamera. "Nasikia mnazo nzuri."

Kuna watu waliocheka, na kucheka huko kukashuka ngazi mpaka getini, kukatoka barabarani. Msemaji akanong'ona kwamba nje kuna waandishi wa habari wawili na wanaomba kupanda. Meneja akatazama godoro, akatazama dirisha, akatazama mtoto aliyekuwa anajaribu kula muhuri wake. Akaomba kalamu. Sahihi iliyokuwa inasubiri miaka miwili ilimchukua muda wa kupiga chafya.

Tangi lilifunguliwa saa sita mchana. Siku ya pili lilikuwa tupu, na Meneja akateremka mwenyewe, kwa gamboti za kuazima, pamoja na mhandisi aliyeitwa kutoka nje. Mhandisi akapitisha ngumi kwenye ufa, kisha mkono mpaka kwapani, kisha akaomba tochi. Nyuma ya zege udongo ulikuwa umeshaondoka. Palikuwa na pango la mtu mzima kuchutama, linatazama chini, kwenye nyumba kumi. Akasema tangi lingejaa mpaka juu, lisingesimama zaidi ya wiki moja, na hiyo ni kwa kulionea huruma.

"Mkaguzi," Meneja akamwambia Bi Ufa, na sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa, "kwa nini hukutuambia mapema?"

Bi Ufa akaanza kupanda ngazi. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unajipunguzia siku za kuishi.

Jioni akapanda ghorofa ya pili kumpa mama mkwe habari. Wengine walikuwa wanafunga mizigo, shirika limewatafutia pa kulala mpaka ukuta ujengwe. Mama alikuwa bado amekaa kwenye godoro lake, miguu imenyooka. Akasikiliza habari ya ngumi, ya mkono, ya pango, ya wiki moja. Alipomaliza kusikia alivua miwani.

"Miaka miwili uliniambia," akasema.

"Yamepita, mama."

"Hayajapita, ndiyo kwanza nayasema. Miaka miwili unakuja jikoni kwangu kuniambia umeona, na mimi nakwambia nionyeshe."

"Si wewe peke yako. Hata ofisini walitaka picha. Kila mtu alitaka picha."

"Hao hawakujui. Mimi umenipikia miaka kumi na tano. Umeniuguza." Ilikuwa mara ya kwanza Bi Ufa kumwona akitafuta neno na asilipate upesi. "Angekuwa binti yangu wa kumzaa ndiye aliyeniambia ametia kidole, ningehama siku ileile. Nisingeuliza kitu. Picha niliitaka kwa sababu ni wewe."

Bi Ufa akakaa sakafuni, palepale, na ovaroli lake lenye tope. Alikuwa amejiandaa kwa mengi siku ile lakini si kwa hilo, na machozi yakamtoka, hakuyazuia wala hakuyafuta.

"Unalia nini sasa?" mama akamwuliza, naye analia. "Chumba cha watoto bado kisafi?"

"Bado, mama."

"Basi inuka tushike hili godoro. Mimi siendi kulala kwa watu nisiowajua wakati nina mtoto mjini."